Kondoo Mwenye Kichwa Cheusi

"Akila, nimeoa," Nyamongo alijiambia moyoni. "Asipokula, nimekufa."

Alikuwa amesimama kando ya jukwaa la ukumbi wa mji wa Kisii, bisibisi mfukoni, akijifanya anakagua nyaya za kipaza sauti. Nyaya hazikuwa na kasoro yoyote. Macho yake yalikuwa kwa mama mmoja wa Kisomali, mrefu, mwenye hina mikononi na shali ya hariri mabegani, aliyekuwa akipita polepole kati ya meza kama mtu anayechagua kitambaa. Huyo alikuwa Hawo, mjane wa marehemu Shariff, mwenye duka la nguo karibu na soko. Nyuma yake alitembea binti yake Luul. Na nyuma ya Luul, kama askari aliyekabidhiwa benki, kaka yake Shueib.

Ilikuwa Jumapili, mwaka wa sabini na nne. Mvua ya alasiri ilikuwa imekwisha kupiga na kwenda zake, kama ilivyo desturi ya Kisii. Umoja wa Akina Mama ulikuwa umeualika mji kwenye Jioni ya Vyakula vya Mataifa, na kila taifa lililokuwa na jiko mjini lilipewa meza. Wahindi walileta bhajia na dengu. Mama mmoja wa Kiganda alileta matoke chini ya majani ya mgomba, na akina mama wa Kikisii wakamtania kwamba amevuka mpaka kuja kuwafundisha ndizi. Muuguzi wa Kidenmaki alikaa peke yake nyuma ya samaki wa siki waliotoka koponi, na watu walimpita kwa huruma. Wasomali walileta anjera, mikate yao laini ya maji, na nyirinyiri, ile nyama kavu inayolala ndani ya samli mwezi mzima bila kuharibika.

Katikati kabisa, meza ndefu kuliko zote, ilikuwa ya Wakisii. Ugali wa wimbi, mweusi, ulifuka mvuke ndani ya vikapu. Kulikuwa na saga, mboga chungu ya kienyeji, iliyopikwa kwa maziwa mpaka ikapunguza uchungu wake. Kulikuwa na nyama ya mbuzi. Na nyuma ya meza alisimama Bathsheba, mwenyekiti wa Umoja, mke wa mzee wa kanisa la Sabato kutoka Marani. Huyo ndiye aliyemzaa Nyamongo.

Mbele ya meza hiyo ndipo kesi yake ilipokuwa ikisikizwa.

Wiki moja kabla, Shueib alikuwa amevuka barabara kutoka duka la nguo, akaingia katika kibanda cha Nyamongo cha kutengenezea redio, akafunga mlango nyuma yake.

"Nyamongo, mimi si kipofu. Miaka miwili dada yangu analeta redio ile ile. Redio gani hii haiponi?"

"Ni ya zamani," Nyamongo alijibu.

"Ya zamani! Mimi naisikiliza kila jioni, inaongea kuliko mama yangu." Shueib alivuta kigoda, akaketi. "Unamtaka?"

"Namtaka."

"Kwa dini gani?"

"Kwa yake. Nitasilimu. Nimekwisha kuonana na maalim."

Shueib hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kaka, na ukaka ni kazi. "Kuna watu wa Isiolo wameleta posa. Mama amewaambia wangoje. Hana neno nawe, anasema mikono yako ni safi. Neno lake ni jamaa yako. Anasema, watu wasiotaka hata kuketi nasi, nimpeleke mtoto wangu kwao akale nini? Sasa sikiliza. Jumapili ni ile karamu ya akina mama. Mama yako ale mezani kwetu. Mama yangu ale mezani kwenu. Wakila, wazee wako waje Jumapili inayofuata. Wasipokula, hiyo redio nitaitupa mtoni."

Nyumbani Marani kulikuwa kugumu zaidi. Mzee Manasseh, baba yake, alikuwa amelima majani chai miaka mingi bila kuonja hata kikombe kimoja, kwa kuwa kanisa lake lilikataza. Mtu wa namna hiyo humwambii jambo mara mbili.

"Ukiingia msikitini," alisema, "usirudi katika boma hili."

"Basi sirudi," Nyamongo alijibu.

"Basi usirudi."

Walinuniana siku kadhaa, baba na mwana, kila mmoja akijivunia ununaji wake. Bathsheba ndiye aliyeuvunja ununaji huo, akiwa anachambua mboga.

"Mzee, hao Waislamu wanakula nguruwe?"

"Hawali."

"Pombe wanakunywa?"

"Wamekatazwa."

"Na ndugu yako Omwenga, aliyebatizwa mtoni tukiona sote, jana alirudi nyumbani kwa miguu mingapi?"

Mzee alikohoa. "Hayo si maswali ya mwanamke."

"Si maswali ya mwanamke kwa sababu mwanamume hana majibu," Bathsheba alisema, akaendelea na mboga zake. Na leo mzee yule alikuwa ameketi safu ya mbele, kofia juu ya magoti, akiitazama meza ya Wasomali kwa jicho la mtu aliyesikia harufu nzuri asiyotaka kuisifu.

Hawo alisimama mbele ya meza ya Wakisii.

"Mbuzi huyu," Hawo aliuliza, "kachinjwa na nani?"

"Muulize mwanao," Bathsheba alijibu. "Nilimwita asubuhi aje na kisu chake. Sikutaka uje kwangu ukaondoke na njaa."

Hawo aligeuka. Shueib aliinamisha kichwa kukubali. Kitu fulani kililegea usoni mwa yule mama.

"Na huu mweusi je?"

"Huo ndio ugali, mama. Ule mweupe ni wa watoto wa shule."

"Kula, mama Shueib," alidakia Esnah, mweka hazina wa Umoja, mwanamke ambaye mdomo wake haukujua likizo. "Ukizidiwa na nguvu tutakupa jembe, mashamba yapo!"

Watu wakacheka. Hawo akanawa, akamega, akachovya kwenye saga, akatia kinywani. Alitafuna akitazama juu, kama anayesikiliza.

"Chungu," alisema.

Nyamongo alishika ukingo wa jukwaa.

"Lakini ni uchungu mtamu. Niongeze."

Esnah alipiga kigelegele kilichomshtua Mhindi wa bhajia akamwaga dengu. Nyamongo hakukisikia. Alikuwa akimtafuta Luul, na Luul alikuwa akimtafuta yeye, na macho yao yalipokutana juu ya vichwa vya watu, msichana alitabasamu kidogo, upande mmoja tu wa mdomo, kwa sababu upande wa pili ulikuwa unaonwa na Shueib.

Baadaye Luul alipita karibu na jukwaa na sahani ya anjera, akasimama kana kwamba amechoka.

"Umesikia? Amesema niongeze."

"Nimesikia kabla hajasema."

"Usicheke hivyo. Shueib anaangalia."

"Mwache aangalie. Jumapili ijayo nitamwita shemeji mpaka ajifiche chini ya kaunta."

Luul aliinamia sahani yake. Alikuwa na kope ndefu, na alipoziteremsha Nyamongo alijiona kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yenye taa.

"Nyamongo."

"Naam."

"Naogopa."

"Sasa unaogopa nini? Mama yako amekula. Mama yangu tazama yuko pale, anaramba samli vidoleni. Hata baba ameomba mfupa."

"Sijazoea kupata ninachokitaka," alisema, akaenda.

Mshereheshaji, mwalimu Orpah, alipanda jukwaani akaomba watu watulie. Alimwita mwenyekiti aseme neno kuhusu upendo kati ya mataifa. Nyamongo mwenyewe ndiye aliyempa mama yake kipaza sauti. Kisha akainama, akaongeza sauti, ili kila neno la Bathsheba limfikie Hawo pale alipoketi.

"Mimi sikuandika hotuba," Bathsheba alianza. "Nitawapa kisa. Watu wananiuliza, wewe Msabato wa Marani, umeanza lini urafiki na Wasomali? Nawajibu, zamani, nyinyi mkiwa bado mnakimbiza panzi. Miaka ishirini iliyopita nilikuwa hospitalini, nimemzaa binti yangu Mokeira, huyu aliyeolewa Nyamira. Kitanda cha pili akaletwa mama wa Kisomali, ametoka Nyansiongo, kule kwenye mashamba ya wazungu. Amejifungua salama, lakini homa imempanda, hata jina lake halijui. Mtoto analia. Wakimpa maziwa ya ng'ombe anatapika. Nikasikia muuguzi anamwambia mwenzake, huyu hafiki Ijumaa. Nikasema, nani hafiki? Leteni hapa! Mokeira huku, Msomali huku!"

Alionyesha kwa mikono, kushoto na kulia, na akina mama wakapiga vigelegele.

"Alinyonya! Mungu wangu, alinyonya kama amesikia kwamba kesho hakuna. Mokeira akiamka anakuta upande wake umekauka. Na nilipotoka hospitalini, siku chache baadaye lori la ng'ombe likaja Marani. Baba wa mtoto. Akateremsha kondoo, zawadi yangu. Nyinyi, kondoo huyo! Mwili mweupe pe, kichwa cheusi ti, mkia mnene kama mto wa kulalia. Watu walitoka vilima vyote kuja kumtazama. Mzee wangu aliyeketi hapo alisema huyu mnyama ameshonwa, tafuteni uzi."

Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Mzee Manasseh naye alicheka ndani ya kofia yake. Bathsheba alingoja watulie, kisha akamtazama mwanawe, na sauti yake ikawa laini.

"Kwa hiyo mtoto wangu akiniambia anakwenda kwa watu hao, mimi nitasema mwendo huo si mgeni. Niliutangulia."

Hiyo ndiyo ilikuwa baraka yake, na Nyamongo aliielewa. Alipiga makofi kuliko wote, mpaka viganja vikawaka. Alikuwa bado anapiga alipoona kwamba Hawo amesimama.

"Lori," Hawo alisema. Hakuwa na kipaza sauti, lakini watu walinyamaza. "Lilikuwa na rangi gani?"

"Jekundu," Bathsheba alisema.

"Na huyo bwana?"

"Mwembamba. Akitembea anavuta mguu wa kushoto kidogo. Alilia kwangu, mama. Sikuwahi kuona mwanamume mkubwa akilia mbele ya mwanamke."

"Shariff," Hawo alisema. Alilisema jina hilo kwa mtu asiyekuwapo.

Bathsheba aliachia kipaza sauti kikagonga mbao kwa mshindo. Aliteremka jukwaani karibu aanguke, akamkumbatia Hawo. "Ni wewe! Ni wewe wa kitanda cha pili! Na mtoto? Alipona? Yuko wapi?"

Hawo aligeuza uso tu, na wote wakaufuata uso huo, mpaka kwa Luul.

Kelele iliyozuka ilitikisa mabati. Akina mama walilia, wakacheka, wakarushiana mikono. Mwalimu Orpah alisahau ratiba. Bathsheba alimshika Luul mashavu, akamgeuza huku na huku. "Tazama meno! Haya meno ni yangu! Nimeyalipia kwa mgongo!" Na Nyamongo, pale jukwaani, alianza tena kupiga makofi. Mama yake ndiye aliyemwokoa Luul asife, ili yeye ampate! Wanataka ishara gani tena kutoka mbinguni?

Kisha akamwona Luul akimtazama juu ya bega la Bathsheba. Halafu akateremsha macho, na Nyamongo alihisi baridi bila kujua upepo umetoka wapi.

Shueib alikuwa amemshika Nyamongo mkono. "Njoo. Na mama yako. Na mzee."

Walikusanyika katika chumba kidogo nyuma ya jukwaa, mlimowekwa viti vibovu na mabango ya harusi za watu wengine. Hawo alikalia sanduku. Luul alisimama ukutani. Shueib alimgeukia Bathsheba, na sauti yake ilikuwa ya upole ambao Nyamongo hakuwahi kuusikia kwake.

"Mama. Fikiri vizuri. Labda ulimwonjesha tu. Mtoto analia, ukampa kidogo, akanyamaza. Mara moja, mara mbili. Sivyo?"

Nyamongo hakulielewa swali. Lakini aliona kwamba Shueib anaomba.

"Kumwonjesha?" Bathsheba alirudi nyuma. "Mimi? Mtoto wa mwenzangu anakufa, mimi nimwonjeshe, kama chumvi? Baba, kwetu mtoto haonjeshwi. Asubuhi, mchana, usiku, mpaka aache mwenyewe, tone likiwa bado mdomoni. Siku zote nilizolala pale. Muulize yeyote wa Marani kama mimi ni mtu wa kupimapima!"

Shueib alifumba macho. "Basi," alisema.

"Basi nini?" Nyamongo aliuliza.

"Kwetu, mtoto mchanga akinyonya kwa mwanamke akashiba, akarudia tena na tena, huyo mwanamke ni mama yake. Si mama wa heshima. Mama wa sheria, kama aliyemzaa. Na watoto wote wa huyo mwanamke, wakubwa na wadogo, ni ndugu zake." Alimshika bega. "Luul ni dada yako, Nyamongo. Kama Mokeira."

Nyamongo alicheka. Kicheko kilitoka peke yake, kikavu, na hakuna aliyekipokea.

"Acha mchezo, Shueib."

"Natamani ungekuwa mchezo."

"Yaani mama yangu aliokoa maisha, na malipo yake ndiyo haya? Sheria gani hiyo? Ya nani?"

"Ya Mungu."

"Mungu wako!"

"Na wewe ulisema unakuja kwake."

"Basi siji! Nimerudi! Mimi ni Msabato, mwana wa Manasseh, sheria yenu hainijui wala siijui. Nipeni Luul wangu nitoke naye mlangoni hapo!"

"Ukibaki Msabato huwezi kumwoa," Shueib alisema. "Ukisilimu, ni kaka yake. Geukia unakotaka, ndugu yangu. Kote ni ukuta."

Mzee Manasseh, aliyeapa juzi kwamba mwanawe hatavuka kizingiti cha msikiti, alisogea mbele, kofia ikizunguka mikononi. "Mama Shueib. Hakuna mzee wenu mkubwa wa kuulizwa? Kwetu zamani jambo kama hili wazee walikaa, wakachinja, likakatwa. Mimi nitatoa mnyama. Nitatoa ng'ombe."

Hawo alimtazama kwa huruma. "Shariff aliniambia mama mmoja Mkisii alimsaidia mtoto. Nilidhani kwa kikombe na kijiko. Sikuuliza, nilikuwa nashukuru kumwona hai. Aliahidi kunipeleka kwa huyo mama, kisha safari ikazaa safari, mpaka akafa. Mzee, ungekuwa udugu wa mbali, wa damu iliyopotea, pengine tungetafuta njia. Lakini haya ni maziwa, na maziwa yamekwisha kuwa mifupa. Utamkata wapi?"

Nyamongo alimgeukia mama yake, akamshika mabega.

"Mama, sema umekosea. Mtoto alikuwa mwingine. Wasomali walikuwa wengi Nyansiongo, malori yalikuwa mengi. Sema!"

Bathsheba alimtazama mwanawe, akamtazama Hawo, akamtazama yule msichana ukutani.

"Kondoo alikuwa na kichwa cheusi, Nyamongo," alisema.

Hawo alinyanyuka, akamshika Bathsheba kiwiko, wakatoka pamoja kama wajane wawili. Mzee Manasseh akawafuata. Shueib alibaki amesimama mlangoni. Miaka miwili hakuwahi kuwaacha wawili hawa peke yao hata muda wa kubadili betri. Sasa alishika komeo.

"Zungumzeni," alisema. "Sina tena cha kulinda."

Mlango ulifungwa. Upande wa pili wa ukuta akina mama walikuwa wameanza kuimba kwa furaha, kwa kuwa hakuna aliyewaambia.

"Twende," Nyamongo alisema upesi. "Nairobi. Huko hakuna anayemjua Bathsheba wala Hawo. Tutaandikishwa bomani, karani atauliza majina tu, hatauliza nani alinyonya wapi."

"Na Mungu naye atauliza majina tu?"

"Luul!"

"Mimi naamini, Nyamongo. Ningekuwa siamini ningekufuata hata pekupeku. Shida yangu ni kwamba naamini."

"Saa moja iliyopita ulinipenda."

"Saa moja iliyopita sikujua."

"Na sasa umejua, mapenzi yamekwenda wapi? Umeyazima kama taa? Nionyeshe hiyo swichi na mimi nizime! Mimi ni fundi, nionyeshe tu ilipo!"

"Usinipigie kelele." Machozi yalimtoka bila uso wake kubadilika. "Unadhani ni wewe peke yako? Nimekutazama kutoka dirishani mvua na jua. Najua jinsi unavyoshika bisibisi, najua ukikasirika unainua bega gani. Leo naambiwa niyatazame hayo yote kwa jicho la dada. Nitalipata wapi hilo jicho? Linauzwa duka gani?"

Nyamongo aliokota bango moja la harusi, akalikunja.

"Watu wa Isiolo," alisema mwishowe. "Watajibiwa?"

"Shueib atawajibu."

"Atawaambia nini?"

"Sitamkataza tena kusema ndiyo."

Luul alisogea. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alinyoosha mkono akaushika wa Nyamongo. Miaka yote miwili hata redio alikuwa akiiweka juu ya kaunta, Nyamongo aichukue kutoka hapo, ili vidole visigusane. Kiganja chake kilikuwa baridi, laini, na kidogo kuliko alivyokuwa amekiwaza.

"Unaona?" alisema. "Si haramu tena. Kuanzia leo naweza kukushika hivi sokoni, mchana, na Shueib akiwepo. Hakuna atakayesema neno."

Nyamongo aliutazama mkono huo juu ya wake. Alikuwa ameuomba usiku mwingi. Alikuwa amejiapiza kwamba siku atakayoushika hatauachia mpaka azikwe. Akauvuta mkono wake, taratibu, kama mtu anayeutoa motoni.

"Sitaki," alisema. "Sitaki mkono wa halali namna hii."

Luul alifuta uso kwa ncha ya shali. Alifika mlangoni akasimama, bila kugeuka.

"Usimlaumu mama," alisema. Hakusema mama yako. Akatoka.

Nyamongo alikaa juu ya sanduku mpaka nyimbo zikaisha na viti vikaacha kuburuzwa. Alipotoka, ukumbi ulikuwa mtupu. Meza za mataifa zilikuwa zimebaki mbao na madoa. Nje, penye mafiga, mama yake aliinama peke yake juu ya sufuria kubwa ya ugali, akikwangua kwa kijiko cha chuma. Kitambaa cha mwenyekiti kilikuwa bado kifuani, kimepinda.

"Mzee amenieleza tena," Bathsheba alisema alipohisi mwanawe amesimama nyuma yake. "Nimeelewa nusu. Na nusu hiyo yatosha."

Nyamongo aliokota kifuniko cha sufuria, akakiweka kando.

"Ilikuwa zamu ya muuguzi mmoja mnene, akasema mwacheni, hafiki Ijumaa. Mimi nilikuwa na maziwa, Nyamongo. Yalikuwa yananimwagikia, yameloanisha nguo. Na yeye alikuwa pale, anatafuta kwa mdomo." Kijiko kilisimama. Aliinua uso, na mwanga wa makaa ukaonyesha kwamba alikuwa amezeeka tangu alasiri. "Niambie wewe, mwanangu. Ningemwacha afe?"

Alitaka kusema hapana. Ni neno fupi, na mama yake alikuwa akilingoja kwa mdomo uliofunguka kidogo. Alilitafuta ndani yake, kila mahali, kwa hasira, kwa aibu, na kule alikolitafuta alikuta tu Luul akitembea barabarani na mwanamume wa Isiolo, mzima wa afya, mwenye meno mazuri.

"Sijui, mama," alisema.

Bathsheba alitikisa kichwa polepole. Akainamia tena sufuria, akashika kijiko kwa mikono miwili, akaendelea kukwangua mahali palipokwisha kutakata.